Sindano ya dira na taa za angani: nani humsukuma nani?

Swali lililonifikia ni hili: "Nimesoma kwamba aurora, zile taa za rangi zinazotanda angani usiku, inapowaka karibu na ncha za Dunia, sindano ya dira huanza kutikisika. Kipi basi kinamtangulia mwenzake? Zile taa ndizo zinazouvuruga usumaku wa Dunia, au usumaku uliovurugika ndio unaowasha taa? Na watu wa mahali ambapo aurora haionekani kamwe, dira zao hutulia?"

Hakuna anayemtangulia mwenzake. Wahenga walisema palipo na moshi pana moto. Hawakusema moshi ndio unaoleta joto. Ukikaa karibu na moto utauona moshi na utalihisi joto, na hivyo viwili vitazidi na kupungua pamoja, ilhali kimoja hakikumzaa mwenzake. Aurora ni moshi. Sindano inayotikisika ni joto. Moto wenyewe ni umeme: mikondo mikubwa inayopita angani, kilomita mia moja na zaidi juu ya ardhi, na mingine mbali zaidi ya hapo. Mfano huu una kasoro, nami nitairudia kasoro hiyo mbele, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo utamu wote.

Usijione mnyonge kwa kuuliza. Swali lako liliwakalia kooni watu wenye akili kubwa kwa zaidi ya miaka 200, na baadhi yao walikosea vibaya.

Lilianzia Uppsala, Uswidi, mwaka 1741. Anders Celsius, huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye vipimajoto, alikuwa na sindano ya sumaku iliyotengenezwa London na fundi hodari wa vyombo, George Graham. Kazi ya kuitazama ilimwangukia shemeji yake, Olof Hiorter, mtu mwenye subira ya mvuvi. Kwa muda wa mwaka mmoja Hiorter alisoma uelekeo wa sindano hiyo zaidi ya mara 6,000, mchana na usiku. Kila aurora kubwa ilipotanda, sindano iliyumba. Aprili mwaka huo, sindano ya Graham kule London na ile ya Uppsala zikayumba siku moja. Kwa hiyo kilichozitikisa hakikuwa cha chumbani wala cha mjini. Kilikuwa kikubwa kuliko Ulaya.

Lakini Hiorter alikuwa na kufuli bila ufunguo. Hakuna mtu mwaka 1741 aliyejua kwamba umeme unaweza kuisogeza sumaku. Hilo lilionekana mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted wa Copenhagen alipopitisha umeme kwenye waya na sindano iliyokuwa jirani ikageuka. Miaka 79 nzima kati ya dalili na kanuni inayoieleza! Katikati ya hapo Alexander von Humboldt alikesha Berlin miezi mingi, mwaka 1806 na 1807, akiisoma sindano kila nusu saa, na ndiye aliyetupatia jina tunalotumia hadi leo: dhoruba ya sumaku.

Kisha Jua likaingia kwenye hadithi. Mwaka 1852 Edward Sabine alitangaza kwamba dhoruba za sumaku huongezeka na kupungua sambamba na madoa ya Jua, katika mzunguko wa takriban miaka kumi hadi kumi na mmoja. Miaka saba baadaye, asubuhi ya tarehe 1 Septemba 1859, Richard Carrington alikuwa akichora madoa hayo kutoka kwenye taswira ya Jua aliyoitupa kwenye ubao, akaona mabaka mawili ya mwanga mkali yakiwaka juu ya kundi la madoa na kutoweka baada ya dakika chache. Mwangalizi mwingine, Richard Hodgson, aliliona jambo hilohilo akiwa mahali pengine. Saa 17 na ushei baadaye Dunia ikapata dhoruba kubwa ya sumaku ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha nyingine zote. Aurora zilionekana hadi nchi za tropiki. Makarani wa telegrafu kati ya Boston na Portland, Marekani, walizitenga betri zao na kuendelea kupelekeana ujumbe kwa umeme uliojitokeza wenyewe kwenye nyaya.

Kuna kipande cha kisa hiki kinachosimuliwa mara chache, nacho ndicho nikipendacho kuliko vyote. Kwenye karatasi ya kumbukumbu ya sumaku iliyokuwa ikijichora yenyewe Kew, karibu na London, kuna kinundu kidogo kilichotokea wakati uleule Carrington alipouona mwanga. Hakikungoja saa 17. Leo tunajua kwamba mlipuko wa Jua hutoa miale ya eksirei inayofika hapa kwa dakika nane kama mwanga wowote, ikayavunjavunja matabaka ya juu ya hewa kuwa chembe zenye chaji, na mikondo ya umeme ya mchana iliyopo huko ikaongezeka ghafla kwa muda. Jua, basi, lilibisha hodi mara mbili: kwanza kwa mwanga, kisha kwa wingu la chembe na sumaku lililochukua saa nyingi njiani. Hodi ya kwanza ilitikisa sindano bila aurora yoyote. Jibu la swali lako lilikuwa tayari limechorwa kwenye karatasi ile, ila hakukuwa na wa kulisoma.

Na si kwamba wakubwa wa sayansi walilipokea jambo hili kwa mikono miwili. Mwaka 1892 Lord Kelvin, akiwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, alisimama na hesabu mkononi. Kama Jua ndilo linaloitikisa sumaku ya Dunia, alisema, kwa namna sumaku moja inavyoitikisa nyingine kutoka mbali, basi kwa saa nane za dhoruba isiyo kali sana lingehitaji kutumia nishati inayolingana na joto na mwanga wake wote wa miezi minne. Haiwezekani, kwa hiyo uhusiano wa madoa na dhoruba ni bahati tu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosea ni dhana iliyokuwa chini yake: Kelvin alidhani Jua linavuta na kusukuma kutoka kule liliko kwa usumaku wake, likizisambaza nguvu pande zote za anga. Halikumjia wazo kwamba Jua linatupa kitu, na kwamba kitu hicho hubeba nguvu yake katika njia nyembamba. Edward Walter Maunder wa Greenwich ndiye aliyeliona hilo mwaka 1904: dhoruba nyingi hurudi kila baada ya siku 27 hivi, yaani muda ambao Jua, likitazamwa kutoka hapa, huchukua kujizungusha mara moja. Ni kama mtu anayezunguka na bomba la maji mkononi. Unalowa kila anapokuelekea.

Sasa tufike kwa mtu aliyeukaribia ukweli kuliko wote, na ambaye wenzake hawakumsadiki. Kristian Birkeland wa Norwei alitengeneza Dunia ndogo: tufe la chuma lenye sumaku ya umeme ndani, akaliweka kwenye kasha la kioo lililonyonywa hewa, akalielekezea elektroni. Pete mbili za mwanga zikawaka, moja kuizunguka kila ncha. Lakini Birkeland hakuwa mtu wa maabara pekee. Alijenga kituo kwenye kilele cha mlima Haldde, kaskazini mwa Norwei, mahali ambapo kukesha nje wakati wa baridi kunaweza kuua mtu. Kisha mwaka 1902 na 1903 akaweka vituo vinne, Norwei, Iceland, Spitsbergen na Novaya Zemlya, vyote vikirekodi sumaku kwa wakati mmoja. Alipozilinganisha karatasi za vituo hivyo akaona kwamba usumbufu wa sumaku una umbo la mkondo mrefu wa umeme unaopita juu, sambamba na aurora. Mkondo huo, akasema, hauanzii hapo. Unateremka kutoka anga za juu ukifuata mistari ya uga wa sumaku wa Dunia, yaani eneo inamofika nguvu ya sumaku yake, unapita kwa ulalo ndani ya aurora, halafu unapanda tena kurudi ulikotoka.

Leo tunaiita mikondo hiyo kwa jina lake. Wakati ule, hapana. Mwanahisabati Sydney Chapman, aliyetawala fani hii kwa miongo mingi, alishikilia kwamba mikondo yote inajizungusha ndani ya angahewa bila kutoka nje. Hapa ni lazima nimtetee Chapman kidogo, maana hupenda kusimuliwa kama mkaidi tu. Kuna ukweli wa kihisabati unaotesa: ukiwa na vipimo vya sumaku vya ardhini peke yake, huwezi kutofautisha picha ya Birkeland na ya Chapman. Mkondo unaoshuka wima na ule unaosambaa kwa ulalo hufutana sumaku zao kwa mtu aliye chini, kikabaki kile tu ambacho picha zote mbili zinakitabiri. Ungeweza kujaza dunia nzima magnetomita, yaani vyombo vya kupimia sumaku, na ubishi usiishe. Ilibidi kupanda juu ya mkondo wenyewe.

Birkeland alifariki Tokyo mwaka 1917, akiwa na miaka 49. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1966, Alfred Zmuda na wenzake walichapisha vipimo vya satelaiti iliyokuwa ikipita kwenye kimo cha takriban kilomita 1,100: kila ilipokatiza ukanda wa aurora, uga wa sumaku uliyumba kwa upande. Kwanza walidhani ni mawimbi. Mwaka uliofuata wengine wakaonyesha kwamba ni alama ya mikondo inayopanda na kushuka, na miaka kumi baadaye mikondo hiyo ilikuwa imechorwa ramani. Jumla yake hufika ampia milioni moja na zaidi usiku wa vurugu. Norwei ikaiweka sura ya Birkeland kwenye noti ya krona 200. Yeye mwenyewe hakuyaona hayo.

Sasa nirudi kwenye kasoro ya mfano wangu wa moshi. Katika moto wa kuni, moshi na joto vyote ni matokeo tu. Kwenye aurora mambo yamefungamana zaidi. Mkondo unaopanda kutoka kwenye angahewa kwenda juu hubebwa hasa na elektroni zinazoshuka, kwa kuwa elektroni ina chaji hasi na mwendo wake ni kinyume cha uelekeo tunaoupa umeme. Elektroni hizohizo ndizo zinazogonga oksijeni na nitrojeni na kuziwasha. Kwa hiyo pazia la aurora ni sehemu ya waya yenyewe, ile sehemu inayowaka. Zaidi ya hapo, elektroni zinapogonga hewa huzibandua elektroni nyingine kutoka kwenye atomu, na hewa ambayo dakika chache nyuma ilikuwa ikiuzuia umeme sasa inaupitisha vizuri. Mkondo wa ulalo unapata njia, nao unapita kwa nguvu hapohapo palipo na mwanga, kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 120 hivi. Ndiyo maana sindano huyumba zaidi pazia linapopita utosini. Mkondo ukielekea magharibi juu ya kichwa chako, sumaku yake hapo ulipo husukuma kuelekea kusini, ikaipunguza ile ya Dunia inayovuta kaskazini.

Ni mvurugo mkubwa kiasi gani? Nguvu ya sumaku hupimwa kwa nanotesla. Uga wa Dunia una nguvu ya takriban nanotesla 30,000 karibu na ikweta na 60,000 karibu na ncha. Chini ya aurora kali mabadiliko hufika nanotesla elfu moja, mara nyingine elfu mbili au tatu. Ni asilimia chache tu. Sindano husogea digrii moja, mbili, pengine zaidi kidogo mahali ambapo uga wa ulalo ni hafifu. Usitarajie dira izunguke kama pangaboi.

Kuhusu rangi nitapita haraka. Kijani, rangi ya kawaida, ni oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 557.7. Anders Ångström aliupima miaka ya 1860, lakini chanzo chake hakikujulikana hadi miaka ya 1920, kwa sababu atomu ya oksijeni huhitaji karibu sekunde nzima bila kuguswa ndipo itoe mwanga huo, na katika hewa ya huku chini haipati utulivu huo hata kidogo. Wekundu nao ni oksijeni, juu zaidi ya kilomita 200, ambako atomu inaweza kukaa karibu dakika mbili bila kugongwa. Zambarau na waridi ni nitrojeni.

Umeme wote huo unatoka wapi, basi? Hapa ndipo ninapoomba usahau picha moja iliyozoeleka: kwamba chembe za Jua huja moja kwa moja, zikaingia kwenye ncha kama maji kwenye faneli, zikawaka. Picha hiyo si kweli kwa aurora nyingi, na kuna kipimo kinachoikataa. Elektroni za upepo wa Jua zinapofika hapa huwa na nishati ya takriban elektronivolti 10. Zile zinazowasha aurora huwa nayo elfu moja hadi elfu kumi. Kati ya hapo na hapo kuna kitu kilichozisukuma.

Upepo wa Jua ni utegili, yaani gesi yenye joto kali kiasi kwamba elektroni zimebanduka kwenye atomu zake. Eugene Parker aliutabiri mwaka 1958, vyombo vya Kisovieti vikaukuta mwaka 1959, na Mariner 2 ya Marekani ikauthibitisha mwaka 1962. Unavuma daima kwa mamia ya kilomita kwa sekunde. Uga wa Dunia unauzuia umbali wa kilomita 65,000 hivi upande wa mchana, na upande wa usiku uga huo hunyooshwa kuwa mkia unaopita hata mahali ulipo Mwezi. Mwaka 1961 James Dungey alieleza jinsi ukuta huo unavyovunjwa. Upepo hubeba sumaku yake. Sumaku hiyo ikielekea kaskazini, sawa na ya Dunia upande ule wa mchana, upepo unateleza pembeni na mambo ni shwari. Ikielekea kusini, mistari ya sumaku mbili zinazopingana hukatika na kuungana upya, wa kwake na wa kwetu. Mistari iliyoungana hivyo huburutwa na upepo hadi mkiani na kurundikana huko. Mkia unabeba nishati kama upinde uliovutwa.

Ndipo unapoachiwa. Syun-Ichi Akasofu, akitumia picha za kamera za kutazama anga nzima zilizowekwa wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, alionyesha mwaka 1964 kwamba aurora ina utaratibu wake. Utepe uliotulia husogea taratibu kuelekea ikweta. Ghafla sehemu yake moja karibu na usiku wa manane inalipuka kwa mwanga, mawimbi yanakimbia magharibi, anga nzima inacheza, kisha baada ya saa moja hadi tatu hivi mambo yanapoa. Tukiite kidhoruba. Katika dakika zilezile za kulipuka, nguvu ya sumaku inayopimwa ardhini chini yake huanguka kama jiwe.

Kwa miaka mingi watafiti waligombana juu ya mahali upinde unapoachiwa: mbali kwenye mkia, au karibu na Dunia? NASA ilirusha satelaiti tano ziitwazo THEMIS mwaka 2007, zikapangwa mstari mmoja mkiani huku kamera zikitazama kutoka ardhini Amerika Kaskazini. Tarehe 26 Februari 2008 zilikamata tukio moja tangu mwanzo: mistari iliungana upya mbali, takriban mara 20 ya nusu-kipenyo cha Dunia, na kama dakika moja na nusu baadaye aurora ikawaka. Ulikuwa ushahidi mzito kwa upande mmoja. Ubishi haujafa wote, maana si kila kidhoruba hufuata mpangilio huo, na kwa maoni yangu ni sawa ubaki hai kidogo.

Nishati ikirudi kutoka mkiani, elektroni husukumwa kuelekea Dunia, na msukumo mkubwa wa mwisho huzipata zikiwa kilomita elfu chache tu juu yetu. Zinaingia kwenye hewa kwa kasi ya makumi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Taa zinawaka hapo. Kwa hiyo Jua ndilo lililolipia umeme, lakini mitambo iko hapa nyumbani.

Nusu ya pili ya swali lako, mahali pasipo na aurora, ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Dira za huko hazitulii. Kwa kweli, ukubwa wa dhoruba ya sumaku hupimwa huko kwa makusudi. Kipimo kinachoitwa Dst hutokana na vituo vinne: Kakioka wa Japani, Honolulu wa Hawaii, San Juan wa Puerto Rico na Hermanus wa Afrika Kusini. Vimechaguliwa kwa kuwa viko mbali na mikondo ya aurora, yenye kelele na ya mahali pamoja. Kinachosikika huko ni sauti nyingine, nzito na ya polepole: mkondo wa pete. Wakati wa dhoruba, chembe zenye chaji hunaswa kwenye uga wa Dunia, makumi ya maelfu ya kilomita juu, zikaizunguka Dunia nzima, zile chanya zikielekea magharibi. Huo nao ni umeme, na sumaku yake huipunguza ile ya Dunia kila mahali kwa pamoja. Jambo la ajabu ni kwamba katika dhoruba kubwa sehemu kubwa ya chembe hizo ni oksijeni iliyopanda kutoka kwenye angahewa yetu wenyewe.

Dhoruba ya Machi 1989 ilishusha kipimo hicho hadi nanotesla 589 chini ya kawaida. Ile ya Mei 2024, iliyoonyesha aurora kwa watu wengi wasiowahi kuiota, ilifika takriban 400. Na dhoruba ya Carrington? Kituo cha Colaba, Mumbai, kilirekodi mshuko wa karibu nanotesla 1,600. Kiasi gani cha hiyo kilitokana na pete na kiasi gani na mikondo ya aurora iliyosogea kuelekea tropiki kuliko kawaida, watafiti bado wanavutana.

Mabadiliko hayo ya sumaku, yakiwa ya haraka, huzaa umeme ardhini na kwenye nyaya ndefu, kwa kanuni ileile inayofanya jenereta ifanye kazi. Usiku wa tarehe 13 Machi 1989 gridi ya Québec, Kanada, ilizimika yote kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, na watu wapatao milioni sita wakakaa gizani kwa takriban saa tisa. Miamba ya huko haipitishi umeme vizuri, hivyo mkondo ukachagua nyaya na transfoma. Hapo tena si aurora iliyozima taa. Ni ule moto ulio nyuma ya moshi.

Kama unataka kuuona mvurugo mwenyewe, kipima-sumaku kilicho ndani ya simu yako hakitakusaidia, usomaji wake hurukaruka mno. Chukua sumaku ndogo ya mche, ibandike kioo kidogo, itundike kwa uzi mwembamba ndani ya chupa ili upepo usiiguse, kisha mulika kioo hicho kwa taa nyembamba ya leza ili doa lake lianguke ukutani mita kadhaa kutoka hapo. Kadiri ukuta ulivyo mbali, ndivyo mgeuko mdogo unavyokuzwa. Weka mbali na magari, milango ya chuma na nyaya za umeme. Tia alama ya doa kila baada ya dakika kumi.

Siku tulivu utaona doa likienda na kurudi polepole mchana. Hiyo ni mikondo ya kawaida inayoendeshwa na joto la Jua, ambayo Graham aliigundua kwenye sindano yake tangu mwaka 1722. Siku ya dhoruba doa litaruka ghafla, takriban wakati uleule kwa kila mwenye chupa kama hiyo duniani, wakati wingu la Jua linapougonga na kuubana uga wa Dunia. Kisha litatangatanga kwa saa nyingi, mkondo wa pete ukijijenga, na huenda likachukua siku mbili au zaidi kurudi lilipokuwa. Na ukibahatika sana, mchana mweupe bila dhoruba yoyote, doa litasogea kidogo kwa dakika chache na kurudi mahali pake. Andika saa, halafu tafuta kama kulikuwa na mlipuko wa Jua wakati huo. Hicho ni kinundu cha Kew.